Sarafu Zilizopelekwa kwa Mlezi

Mogitu, Hanang,
3 Agosti 2025.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiamini kwamba goti limekupunguzia maumivu na baridi ya Dongobesh mwaka huu haijakufungia ndani. Mama naye nampa shikamoo yake peke yake, asije akalalamika tena kwamba nawasalimu wawili kwa salamu moja kama watu wa mkutano wa kijiji. Hhando mwambie dada yake amesikia habari za posa na amefurahi, ingawa bado sielewi huyo msichana wa watu ameona nini kwake. Mimi ni mzima wa afya. Duka linakwenda, mahindi yameshaingia ndani, na upepo wa mlimani unatupulizia vumbi mpaka kwenye ugali.

Barua yako nilikabidhiwa na katekista Nikolausi siku ya Jumatano, nami nimeisoma mara nne. Umesema utakuja Jumamosi hii kumchukua Sikukuu na ndama wake, kwa sababu mahari ya Hhando imekaribia na umeamua ng'ombe huyo ndiye atakayetangulia. Nimekuelewa, Baba. Habari za Sikukuu nitakueleza zote humu humu na sitaficha kitu. Ila naomba uniruhusu nianzie mbali kidogo, maana huku kumetokea jambo ambalo likinijia kichwani nikiwa napika nasahau hata chumvi. Wewe husema kwamba Zita akiwa na habari anakuwa kama mtu aliyekalia siafu. Basi leo siafu ni wengi.

Nianze na sarafu za mtandaoni. Pesa ya kwenye simu unaijua: huioni, lakini ipo, kwa sababu kampuni inasema ipo. Sarafu hizi hazina hata hiyo kampuni. Kuna orodha moja kubwa, nakala yake iko kwenye kompyuta za watu wengi duniani, na kompyuta hizo zikikubaliana kwamba sarafu fulani ni ya Zita wa Mogitu, basi ni ya Zita wa Mogitu. Bei yake hupanda na kushuka kama ile ya vitunguu saumu. Unaukumbuka mwaka ule tulipolima saumu, tukalala matajiri, tukaamka tunawapa majirani bure. Ndivyo zilivyo, na wenye mamlaka wametuonya mara nyingi tusiziingie kichwa kichwa. Najua sasa hivi umeshakunja uso. Endelea kusoma, Baba.

Sasa mimi, kama unavyojua, ni wakala. Mtu ananiletea fedha mkononi, namwekea kwenye simu yake, maisha yanaendelea. Lakini tangu Februari na mimi nina wakala wangu. Si mtu. Ni akili mnemba, ile mashine inayosoma na kujibu, ila hii haingoji kuulizwa. Ukishampa sarafu na maagizo, anakwenda sokoni mwenyewe, ananunua, anauza, anaazima, anapatana bei na mawakala wenzake ambao nao ni mashine, huku wewe unapima sukari dukani. Hachoki na wala haendi msibani. Wateja wangu waliposikia nasema wakala wangu amesema hivi na vile, walicheka mpaka wakanibandika jina. Hapa senta sasa naitwa Wakala Mwenye Wakala, na hata watoto wanaotumwa kiberiti wananiita hivyo.

Aliyenifungulia njia hiyo ni Festo, yule kijana anayefundisha kompyuta pale Katesh, ambaye Mama alimwona siku ya kipaimara akauliza kama ameoa. Mwambie Mama ameoa. Festo alinieleza kwamba kazi kubwa ni maagizo, kwa sababu wakala huyu ni kama mtumishi mwaminifu mno: ukimwambia vibaya, atatenda vibaya kwa uaminifu wote. Akaniambia watu wengi huwa wananakili maagizo yaliyokwisha kuandikwa kwa Kiingereza, kwamba ikipanda nunua, ikishuka kiasi hiki uza. Nilijaribu kuyasoma. Kiingereza changu, Baba, kiliishia kidato cha nne, na hata huko hakikufika kikiwa kizima. Nikamwuliza Festo kama wakala anajua Kiswahili, akasema anajua kuliko yeye.

Hapo ndipo nilipokumbuka ile siku ya pili ya Noeli, tulipokaa nyuma ya zizi mchana kutwa, ukanieleza sheria zote za kuweka ng'ombe kwa watu, nami nikakurekodi kwa simu. Nilikwambia ni kwa ajili ya kumbukumbu, na siku ile ilikuwa kweli. Umekaa miaka yote hii na watu wanapita nyumbani wanaona ng'ombe saba, wanadhani Yoakimu ana ng'ombe saba. Kumbe mmoja yuko Tlawi, wawili Haydom, wengine wako kwa Wabarbaig, wafugaji wa huku bondeni, na hakuna anayejua hesabu yote isipokuwa wewe na Mungu. Ukasema mali haikai zizi moja, kwa sababu ugonjwa nao unajua njia ya kwenda zizini. Ukasema anayelea anakunywa maziwa, lakini ndama ni wa mwenyewe. Ukasema ng'ombe akifia kwa mlezi, mlezi alete ngozi, asilete maneno. Na ukasema ukiona watu wote wanakimbiza ng'ombe mnadani kwa hofu, wewe usiwapeleke wako; watawanye kwa watu wa mbali mpaka hofu ipite.

Nikaketi siku mbili nikiandika maneno yako yote kama ulivyoyasema, hata pale ulipokohoa ukamtukana mbwa. Mbwa nilimwacha nje. Nikamwambia wakala: hawa sarafu ni ng'ombe, walinde kwa sheria hizi. Festo alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema duniani kote hakuna wakala aliyepewa maagizo ya namna hiyo, na kwamba nitafilisika kwa mila zetu wenyewe.

Miezi mitano haikutokea kitu cha kusimulia. Bei ilipanda kidogo, ikashuka kidogo, wakala wangu ametulia kama mzee anayeangalia mvua. Wenzangu wawili hapa senta, wenye mawakala wa maagizo ya kunakili, walikuwa wananunua na kuuza mara mia kwa siku na kunionyesha faida. Mimi nilikuwa naona haya. Mara mbili nilishika simu nifute maneno yako nikanakili ya kwao. Nakuomba radhi kwa hilo, ingawa si hilo kubwa.

Halafu ikaja ile Jumanne ya mwezi uliopita. Ilikuwa saa nne asubuhi, duka limejaa kwa sababu ilikuwa siku ya mnada. Baadaye Festo alinifafanulia ilivyokuwa. Mahali fulani huko duniani wakala mmoja alisoma habari ya uongo kwamba soko kubwa la sarafu linafungwa, naye akauza. Wakala wa pili hakusoma habari. Aliona tu wa kwanza anauza, akauza. Wa tatu vivyo hivyo. Unajua mnadani mtu mmoja akinong'ona kwamba kuna homa ya mapafu, bei inaanguka hata kama ng'ombe wote wazima. Lakini mnadani kunong'ona kunachukua asubuhi nzima, na katikati kuna mtu mwenye akili atakayeuliza nani amemwona huyo mgonjwa. Mashine hazikuulizana. Zilikuwa maelfu kwa maelfu, zimelelewa kwa maagizo yale yale, kwa hiyo ziliogopa kitu kile kile kwa dakika ile ile. Katika dakika kumi na moja bei ikakatika nusu. Wenzangu wa hapa senta mawakala wao waliuza kila kitu chini kabisa, kwa uaminifu wote, kama walivyoagizwa.

Mimi nikafungua simu. Baba, palikuwa na sifuri. Haikuwa nusu, haikuwa robo, ilikuwa sifuri tupu. Mama mmoja alikuwa ananidai chenji, nikampa noti ya elfu kumi badala ya elfu moja, akaondoka haraka bila kuaga. Kila nilichoweka mle kilikuwa kimekwenda, na wewe utaona chini kwa nini sikuwa na haki ya kukipoteza. Nikawafungia wateja mlango wakiwa bado wamesimama kwenye foleni.

Ndipo simu ikalia, ujumbe wa wakala. Nimeunakili hapa ulivyo: "Wengi wanauza kwa hofu. Nimewapeleka kwa walezi watatu wa mbali. Maziwa ni yao. Ndama ni wetu. Watarudi baada ya siku nne." Niliusoma huku nimesimama, nikausoma tena nimekaa. Alikuwa amewaita sarafu kama wanavyoitwa ng'ombe. Kumbe siku za hofu wapo mawakala wanaotafuta sarafu za kuazima kwa udi na uvumba, na wako tayari kulipia, lakini hawapati, kwa sababu kila mtu anakimbilia kuuza. Wangu ndiye alikuwa na za kuazimisha. Wao wafanye nazo biashara zao, faida yao ni maziwa, lakini warudishe zote na nyongeza juu.

Siku nne hizo sikula. Festo alikuja na pikipiki kutoka Katesh mara mbili kuangalia, na safari hii hakucheka. Alisema mlezi mmoja tu akikimbia, hakuna polisi wa kumfuata huko aliko. Jumamosi saa tano nilikuwa nampimia mtu mafuta ya taa nilipoona zimeanza kuingia. Zikaja za mlezi wa kwanza na ndama wake. Zikaja za wa pili na ndama. Za wa tatu zilirudi pungufu, na wakala akaandika kwamba mmoja amefia kwa mlezi wa tatu na ngozi yake hii hapa. Chini yake akaweka mstari mrefu wa herufi na namba. Festo aliutafuta kwenye ile orodha kubwa ya dunia, akasema ni ushahidi kamili wa mahali sarafu ile ilipopotelea, siku na saa yake. Mashine imeniletea ngozi, Baba. Nilicheka huku nalia, mteja wa mafuta ya taa akadhani nimefiwa.

Na bei nayo, uongo ulipojulikana, ilipanda ikarudi karibu na ilipokuwa. Waliouza walibaki na nusu. Mimi, nikikuhesabia kwa lugha yetu, nilikuwa nimeweka ng'ombe mmoja, na sasa ninaye huyo mmoja na ndama wawili wazima, nimeshamtoa yule aliyekufa.

Huwezi kujua furaha niliyo nayo. Si ya fedha tu. Festo anasema miaka michache ijayo masoko haya yatakuwa ya mawakala watupu, wanadamu tumekaa pembeni tunaangalia vumbi lao, na hatari kubwa ni kwamba wote watakuwa na moyo mmoja, akishtuka mmoja wameshtuka wote. Anasema kinachotakiwa ni mawakala waliolelewa tofauti tofauti. Mimi namsikiliza naona kichwani zizi lako. Wasomi wameandika vitabu, na aliyesimama imara siku ile ni mzee wa Dongobesh ambaye simu yake haina hata picha. Vijana wa kampuni moja ya Arusha wamenipigia wakitaka kununua maagizo yangu. Niliwaambia hayauzwi, kwa sababu si yangu. Nilijibu haraka bila kufikiri, na jibu hilo limenisumbua tangu siku hiyo.

Sasa nimefika, Baba. Kama umesimama, kaa.

Ng'ombe yule mmoja niliyemweka kwenye sarafu hakuwa wangu. Nilimuuza Sikukuu. Ilikuwa Februari, akiwa na mimba, nikampeleka mwenyewe mpaka Gehandu kwa mzee mmoja Mbarbaig anayeitwa Gidamis, nikamwambia ni wangu. Pasaka uliponiuliza nikakwambia amezaa jike na wote ni wazima. Kila neno lilikuwa kweli, maana nilikuwa nimepita Gehandu nikawaona, na bado ulikuwa uongo. Nilijua ulinikabidhi kwa kulea, kama unavyowakabidhi wanaume, na kaka zangu walinung'unika. Nilitaka nije Noeli na ng'ombe wawili, wanyamaze. Ndiyo sababu yote, sina nyingine iliyo nzuri zaidi. Angekufa ningekuletea ngozi. Hakufa, kwa hiyo sina cha kukuletea.

Barua yako ilipofika Jumatano, Alhamisi nikapanda pikipiki kwenda Gehandu. Nilikopa fedha kwa Festo nisingoje kuuza sarafu, nikamwambia mzee Gidamis nataka kumnunua yule ng'ombe na ndama, na nitamwongezea juu. Aliniuliza kwa upole kwa nini mtu arudie kitu alichokwisha kukiuza. Kumdanganya mara ya pili sikuweza, nikamweleza. Kisha akamwita mkewe, akamwambia maziwa ya ng'ombe huyo yasinywewe tena humo ndani. Akasema amekunywa maziwa ya wizi tangu ng'ombe azae na hakuna aliyemwambia. Fedha zangu hakuzigusa. Alisema ng'ombe wa kulea hauzwi wala hanunuliwi, atatoka katika boma lake kwa mkono wa mwenyewe tu, na habari ya bei aliyolipa wataizungumza wazee kwa wazee.

Nikamsihi anipe niwafunge kwangu siku mbili tatu, ili wewe ukija uwakute hapa Mogitu kama kawaida. Alinitazama, akasema hapo nitakuwa nimemuuza mara ya pili. Atakueleza yote Jumamosi mbele yangu, na neno atakalotumia ni mwizi. Nimeona afadhali neno hilo ulisikie kwangu kwanza. Ndiyo maana sikupiga simu. Ningepiga ungesikia sauti yangu ukanihurumia.

Kuna jambo moja limebaki. Siku ile ya kwanza, kabla hajanunua hata sarafu moja, wakala aliyasoma maneno yako yote, kisha akaniuliza swali: mali hii ni ya nani? Hakulitunga yeye. Ndilo ulilotangulia nalo siku ile nyuma ya zizi, kwamba kabla ya kupokea mnyama wa mtu uliza kwanza ni wa nani. Nikaandika neno moja. Yangu.

Alhamisi niliporudi kutoka Gehandu nilifungua pale, nikalifuta, nikaandika jina lako kamili na kijiji chako. Wakala akajibu kwamba amepokea. Tangu hapo hasogezi kitu. Nilimwagiza auze kidogo nikutumie nauli, akakataa. Festo amejaribu ujanja wake wote, nao umeisha. Jibu ni moja tu kila tukiuliza: mlezi hana ruhusa ya kuuza, aitwe mwenyewe.

Kwa hiyo njoo, Baba. Nimemwomba Nikolausi akufikishie barua hii kabla ya Ijumaa. Jumamosi nitakuwa stendi ya Katesh tangu asubuhi. Ukishuka nitakuamkia, na usipoitikia nitaelewa, nitakufuata nyuma mpaka Gehandu. Wasalimie wote hapo nyumbani, na Mama usimfiche, msomee yote.

Ni mimi mwanao, niliyepewa kulea,

Zita.